Makali V si dini, hesabu mapigo

Leo naweka kando hifadhidata na seva, maana kuna ugonjwa mmoja nimeuvumilia vya kutosha na lazima niuseme. Ugonjwa wenyewe uko ndani ya Minecraft. Kila anayepata upanga wake wa kwanza wa almasi akiuliza autie uchawi gani, atajibiwa neno moja na watu kumi kwa pamoja: Sharpness V. Haulizwi anapigana na nani. Haulizwi anatafuta nini, wala anachezea simu au kompyuta. Anapewa jibu kabla hajamaliza swali, na jibu lenyewe limenakiliwa kutoka orodha iliyonakiliwa kutoka orodha.

Tukubaliane majina kwanza ili tusipotezane njiani. Uchawi unaotiwa kwenye silaha nauita zindiko, wingi mazindiko (na shangazi zangu wanaosoma hapa watulie, ni mchezo wa kompyuta tu). Sharpness nauita Makali. Smite nauita Kiboko. Bane of Arthropods ni Balaa la Wadudu, Looting ni Ngawira, Mending ni Ukarabati, Unbreaking ni Uimara, Fire Aspect ni Moto na Knockback ni Msukumo. Namba ya Kirumi inayofuata jina ni ngazi ya zindiko. Na hesabu zangu ni za toleo la Java, lile la kompyuta, isipokuwa nikisema vingine.

Haya basi, hesabu. Upanga wa almasi unapiga kwa nguvu 7, wa netheriti kwa nguvu 8. Makali I yanaongeza 1, halafu kila ngazi inayofuata inaongeza nusu tu, kwa hivyo Makali V yanaongeza 3. Umesoma vizuri: tatu. Ndiyo hiyo dini yenyewe.

Lakini adui hafi kwa asilimia, anafa kwa pigo zima. Ukimbakishia robo pointi ya uhai bado anakupiga na bado anakulipukia. Kwa hivyo namba ya maana si nguvu ya pigo, ni idadi ya mapigo: uhai wa adui gawanya kwa nguvu, kisha panda hadi namba kamili inayofuata. Hesabu ya darasa la nne.

Mchukue kripa, yule wa kijani anayelipuka. Ana uhai wa pointi 20. Upanga wa almasi usio na zindiko lolote: 7 mara tatu ni 21, mapigo matatu. Sasa weka Makali I, ni 8, mara mbili ni 16, bado mapigo matatu. Makali II, 17, matatu. Makali III, 18, matatu. Makali IV, 19, jamani, matatu! Umepanda ngazi nne, umechimba lapisi, umeua ng'ombe wa kijiji kizima kutafuta uzoefu, na kripa bado anataka mapigo yale yale aliyotaka siku ya kwanza. Ni Makali V pekee ndiyo yanayofika 20 kwa mapigo mawili, tena kwa kugusa mstari tu. Na meza ya uchawi haikupi Makali V kwenye upanga wa almasi. Inakomea IV, halafu uende kwenye fuawe kuunganisha au ukanunue kitabu kwa mkutubi wa kijijini kwa zumaridi.

Zombi ndiye anayenichekesha zaidi. Naye ana uhai wa 20, lakini ngozi yake ina kinga kidogo ya asili, pointi 2, ambayo kwa mapigo ya ukubwa huu inakata asilimia 1.6 ya kila pigo. Kitu kidogo, sivyo? Pigo la 10 la upanga wako wa almasi wenye Makali V linakuwa 9.84. Mara mbili ni 19.68. Zombi amesimama! Anahitaji pigo la tatu kwa sababu ya theluthi moja ya pointi. Na upanga mtupu unamwua kwa mapigo mangapi? Matatu. Kwa hivyo dhidi ya zombi, adui wa kwanza kabisa ambaye kila mtu anakutana naye, upanga wa almasi wenye Makali V na upanga wa almasi uliotoka kwenye meza ya kuundia dakika hii ni sawasawa.

Wavamizi, wale wa kijivu wanaokuja kijijini na bendera yao, wana uhai wa 24. Upanga mtupu wa netheriti: 8 mara tatu ni 24, mapigo matatu kamili. Ukitia Makali V: 11 mara mbili ni 22, kwa hivyo matatu tena. Hakuna faida hata ya pigo moja. Kwa almasi Makali I yanatosha kukushusha kutoka mapigo manne hadi matatu, na ngazi nne zinazofuata hazikuongezei kitu. Enderman mwenye uhai wa 40 anakufa kwa mapigo manne ya netheriti ukiwa na Makali III, na manne ukiwa na Makali V. Buibui wa kawaida, 16, anakufa kwa mawili mara tu almasi ikipata Makali I. Unaona mtindo? Mara nyingi ngazi ya chini inakuvusha mstari, na kilichobaki juu ni mapambo.

Na hapo bado sijamtaja anayejua kuruka. Ukipiga wakati unashuka, nguvu ya msingi inazidishwa mara moja na nusu, kwa hivyo almasi tupu inapiga 10.5 na kripa anakufa kwa mawili bila zindiko lolote. Kidole kwenye kitufe cha nafasi kinafanya kazi ya Makali V bure.

Sasa tuje kwa Kiboko, zindiko linalochekwa. Kiboko kinaongeza 2.5 kwa kila ngazi, kwa hivyo Kiboko V ni 12.5, lakini dhidi ya wafu peke yao. Hapo ndipo watu wanapokunja midomo: "Ah, kinafanya kazi kwa wafu tu." Wafu tu? Wafu ni zombi, ni wale wa jangwani na wale wa majini, ni viunzi vya mifupa vya kila aina, ni zile ndege zinazokujia usiku ukikosa kulala, ni zombi wa nguruwe wa kule Nether, ni viunzi vyeusi vya kwenye ngome, na ni Wither mwenyewe. Ukitoka nje usiku, kati ya wanne wa kawaida (zombi, kiunzi, buibui, kripa) wawili ni wafu.

Upanga wa netheriti wenye Kiboko V unapiga 20.5. Zombi, hata baada ya ile kinga yake, anapata zaidi ya 20. Pigo moja. Kiunzi, pigo moja. Kiunzi cheusi, pigo moja. (Akivaa deraya ni hesabu nyingine, najua, msinirushie mawe.) Na angalieni uzuri wa mstari: upanga wa almasi wenye Kiboko V ni 19.5, yaani unambakishia kiunzi nusu pointi na unapiga mara mbili, kama vile ambavyo ungepiga ukiwa na Kiboko II! Kwenye almasi, Kiboko II na Kiboko V vina mapigo sawa kwa zombi na kwa kiunzi. Ile pointi moja ya kupandisha upanga uwe netheriti ina thamani kuliko ngazi tatu za zindiko. Hakuna orodha niliyowahi kuiona inayosema hivyo, kwa sababu anayeandika orodha hajagawanya.

Nina sababu ya kukasirika. Mimi na wapwa zangu tuna ulimwengu wetu mmoja tunaouchezea wikendi. Mdogo wao, msichana wa miaka kumi na miwili, alijitengenezea upanga wa Kiboko kwa sababu nyumba yake iko karibu na pango lenye zizi la viunzi. Hakuna aliyemfundisha, aliangalia tu ni nani anamwua kila siku akachagua dawa yake. Kaka zake wakamcheka juma zima. Eti upanga wa mtoto. Eti hajui mchezo. Walimsumbua mpaka akausaga upanga ule kwenye jiwe la kusagia kuufuta zindiko, akaanza upya kutafuta Makali. Nilipojua ilikuwa imekwisha. Yule mtoto alikuwa amefanya kitu ambacho nawaomba watu wazima kazini wakifanye na hawafanyi: alipima kwanza. Tukamfundisha kunakili.

Na msiniambie ni mchezo tu. Ofisini naona vijana wanaochagua hifadhidata kwa mtindo huo huo. Duka lina wateja mia tatu na mfumo umejengewa mashine za kubeba milioni, kwa sababu mahali fulani kuna orodha inayosema hiyo ndiyo bora. Bora kwa nani? Kwa swali gani? Kimya. Lakini hiyo ni makala nyingine.

Turudi kwa upanga. Mbona ushauri wa Makali V umekita mizizi hivi? Kwa sababu wakati mmoja ulikuwa na maana zaidi. Mazindiko yaliingia Minecraft na toleo la 1.0 mwezi wa Novemba 2011, na kwa miaka kadhaa kabla ya mapigano kubadilishwa kila ngazi ya Makali iliongeza 1.25, yaani ngazi ya tano ilikuwa 6.25. Kisha mnamo Februari 2016 likaja toleo la 1.9, likabadilisha mapigano yote, na Makali yakashushwa hadi hizo 3 za leo. Namba ikakatwa zaidi ya nusu. Ushauri haukukatwa. Watu wanaoutoa leo wengine walikuwa hawajajua kusoma wakati huo, lakini wanarudia sentensi ya kabla ya 2016 kama sala.

Kinachozidisha vurugu ni kwamba toleo la Bedrock, ambalo ndilo lililo kwenye simu na ambalo vijana wengi wa hapa kwetu wanalicheza kwa sababu simu ndiyo kompyuta waliyo nayo, bado linaongeza 1.25 kwa kila ngazi. Huko Makali V ni 6.25, na ni zindiko la kuheshimika. Kwa hivyo mwenye simu anamshauri mwenye kompyuta kwa namba zake, mwenye kompyuta anamjibu kwa zake, na wote wawili wanasema kweli na wote wawili wanapotoshana. Ukitaka kumshauri mtu, muulize toleo lake kabla ya kufungua mdomo.

Halafu kuna Ngawira, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Ukimtaka Wither, unahitaji mafuvu matatu ya viunzi vyeusi. Kila kiunzi cheusi unachokiua kina nafasi ya asilimia 2.5 ya kudondosha fuvu. Kwa wastani ni viunzi 40 kwa fuvu moja, 120 kwa matatu. Ngawira III inapandisha nafasi hiyo hadi asilimia 5.5, yaani kama viunzi 18 kwa fuvu, 55 kwa matatu. Sasa zidisha na mapigo. Mtu wa orodha anaingia ngomeni na netheriti yenye Makali V bila Ngawira: mapigo mawili kwa kila kiunzi, viunzi 120, jumla 240. Tumpe Ngawira III tusimwonee: 110. Mwenye Kiboko V na Ngawira III: 55. Na kila pigo la ziada ni nafasi kwa kile kiunzi kukugusa na kukutia ule ugonjwa wa kunyauka unaogeuza mioyo yako kuwa myeusi. Ukishamwita Wither mwenyewe, mwenye uhai wa 300, mwenye Kiboko anahitaji kama mapigo 16 na mwenye Makali kama 29, kabla hata hatujahesabu anavyojiponya kila sekunde. Sasa nani hajui mchezo?

Wengine watasema: mimi nataka upanga mmoja tu wenye kila kitu. Sawa, uutengeneze, lakini ujue fuawe inavyokutoza. Kila kitu kikipita kwenye fuawe kinabeba deni: mara ya pili ngazi 1 ya ziada, kisha 3, 7, 15, 31, kisha 63. Gharama ikifika ngazi 40 fuawe inakataa kabisa. Upanga kamili wa Java unabeba mazindiko saba (Makali, Ngawira, Ukarabati, Uimara, Moto, Msukumo, na Sweeping Edge ambalo lipo Java pekee). Ukivitia vitabu kimoja kimoja, sita vitaingia, na deni peke yake litakuwa ngazi 57. Cha saba hakiingii ng'o. Kwa hivyo anayefuata orodha kutoka juu hadi chini, akianza na Makali V, anaweza kujikuta amebaki na Ukarabati mkononi na mlango umefungwa. Ukarabati! Zindiko ambalo kila pointi ya uzoefu inarudisha pointi 2 za uhai wa silaha, na ambalo pamoja na Uimara III, unaofanya upanga udumu kama mara nne, ndilo linalofanya upanga uwe wako miaka yote. Unganisha vitabu viwili viwili kwanza, kisha matokeo yake, kisha upanga. Na kama lazima kitu kibaki nje, kiwe Msukumo.

Msukumo kwa kweli sijui nani aliuhitaji. Unamfaa kripa, basi. Kiunzi mwenye upinde ukimsukuma unamrudisha mbali, pale pale anapotaka kusimama akupige mishale. Moto nao unapendeza kwa macho, na unakupa nyama ya ng'ombe iliyokwisha kuchomwa, lakini zombi anayewaka akikugusa anaweza kukuwasha nawe, na kule Nether viunzi vyeusi, wale wa miali na zombi wa nguruwe hawaungui hata kidogo. Watu wanakwenda motoni wamebeba moto.

Balaa la Wadudu silitetei. Ngazi ya IV inamwua buibui kwa pigo moja la almasi, ni kweli, lakini upanga mtupu unamwua kwa matatu na buibui si wa kukutisha kiasi hicho, labda uwe umeishi karibu na zizi la wale wa mapangoni wenye sumu.

Nitampa mwenye Makali haki yake. Ukipigana na wachezaji wenzako, chagua Makali, hakuna mjadala, maana binadamu si mfu wala si mdudu. Ukienda End kuwinda Enderman, Makali yanakushusha kutoka mapigo matano ya netheriti hadi manne. Lakini una nafasi tisa chini ya skrini. Beba upanga wa Kiboko, na kando yake beba shoka la netheriti: linapiga 10 bila zindiko lolote, kripa anakufa kwa mawili. Ni zito, linahitaji sekunde nzima kati ya pigo na pigo, na linachakaa mara mbili likitumika vitani, lakini kripa haji kila dakika.

Na tayari naona mchezo ule ule unaanza kwa rungu, silaha iliyoingia na toleo la 1.21 mwezi wa Juni 2024. Rungu lina mazindiko yasiyopatana: ukichukua Density huwezi kuchukua Breach, wala Kiboko. Orodha zimeshaandikwa, na kila moja inasema Density V. Density inaongeza nusu pointi kwa kila ngazi kwa kila bloku uliyoanguka. Breach IV inapunguza kazi ya deraya ya adui kwa asilimia 60, hata ukiwa umesimama ardhini. Kwa hivyo kijana anayepigana chini, ndani ya pango lenye dari la bloku tatu, amebeba rungu lenye Density V kama alivyoagizwa, na zindiko lake linaongeza sifuri.